Mgonja, Wameleta Risasi Nyingine Mpya

Mtani wangu Mgonja,

Nakuandikia nikiwa chumba cha nyuma cha duka, kwenye lile benchi ulilokuwa ukikalia kunisubiri nifunge kaunta. Ni saa ya chakula cha mchana na chakula sijakigusa. Miezi saba sasa tangu wakuue. Sijawahi kumwandikia marehemu, na najua ungekuwepo ungeniuliza stempu nitabandika ya nchi gani. Haya, nicheke, ni haki yako. Lakini leo nisikilize mpaka mwisho, kwa sababu Jumamosi mkeo anakuja hapa kusaini karatasi za bastola yako, na kuna jambo nimemficha.

Nianze na habari za kazi, ndizo nyepesi. Kuna risasi mpya. Ndiyo, nyingine! Wiki iliyopita Oom Daan, mwenye duka, aliniita akanipa kiboksi cha sampuli na karatasi yenye swali moja: je, risasi hii ya bastola ndogo inaweza kupata soko hapa Johannesburg? Waagizaji wanataka maoni ya duka, naye akawaambia maoni ya duka ni maoni ya Aika. Miaka kumi na moja nimesimama kwenye kaunta hii. Mtu akishika bastola tu, kabla hajafungua mdomo, mimi najua atanunua au anapoteza muda. Kesho wakala wao anakuja kunisikiliza. Nikisema soko lipo, wananichukua niwe mtu wao wa mauzo, na gari wananipa. Gari, Mgonja! Mchaga na gari la bure, unaweza kufikiri mwenyewe nilivyolala usiku ule.

Na risasi yenyewe ni nzuri, sitakudanganya. Ni nyembamba kuliko ile ya milimita tisa ambayo kila mtu anayo, lakini nguvu zinakaribiana. Kwa wembamba wake, bastola ndogo ya kuficha chini ya shati inaingiza mbili zaidi. Hiyo ndiyo hoja yao yote, mbili zaidi. Unaijua hoja hiyo vizuri sana, maana bastola yako, ya risasi nyembamba ya wakati ule, nilikuuzia kwa maneno hayohayo.

Unakumbuka siku ile? Karatasi za ukaaji wa kudumu zilikuwa zimeshatoka, cheti cha mafunzo ya silaha ulikuwa nacho mfukoni, na bakkie yako, ile pikapu ya kusambaza sigara na vocha kwenye spaza, viduka vya mitaani, ilikuwa imeshaporwa mara mbili. Ulikuja unajua unachotaka. Uliweka kidole juu ya kioo, kwenye tisa ya kawaida, ukasema, "Hii hii, Mchaga, usinizungushe." Nikakuzungusha. Nikakupandishia sauti mbele ya wateja wasiojua hata neno moja la Kiswahili: "Mpare bwana! Dunia inakwenda mbele, yeye anataka bastola ya babu yake kwa sababu risasi zake ni rahisi. Utazikwa na ubahili wako!" Ukacheka mpaka ukashika kiuno. Bibi zetu walitaniana hivyo huko milimani, Wachaga na Wapare, wala hakuna aliyekasirika, na sisi tukauhamishia utani wao huku mtaani kwetu La Rochelle. Mpare akishaitwa bahili na mtani wake atafanya nini? Atatoa pochi. Ukasema, "Lete hiyo mpya, tuone nani bahili."

Wateja wengine nawaeleza uzito, nawapa waishike, nawaambia wafikirie wiki moja. Wewe sikukueleza kitu. Nilikutania, ukanunua.

Sikukueleza hata lile ambalo kila muuzaji wa silaha nchi hii analijua. Leseni inaandikwa bastola hiyohiyo na risasi za saizi hiyohiyo. Ukiwa na leseni ya nyembamba, huwezi kuingia dukani ukanunua tisa, na hata ukizipata hazitaingia. Ukitaka kubadilisha, unaanza upya: fomu, alama za vidole, foleni ya polisi, kusubiri. Kwa hiyo anayenunua bastola ya risasi mpya ameoa. Risasi zikikosekana madukani, anabaki na chuma kiunoni. Nilijua. Nilidhani hazitakosekana, kwa sababu waagizaji walituahidi, na mimi nikakuahidi wewe. Ulinunua maboksi mawili ukauliza kama uongeze. Nikasema, "Nenda uwanja wa shabaha, piga tu uizoee, mzigo mwingine uko njiani." Wewe ukapiga. Ulikuwa unanitumia picha za shabaha zako zimetoboka katikati, umeandika chini yake, "Huyu ni Mchaga."

Mzigo haukuja. Waagizaji waliona tisa inauzika kama mkate na ile nyembamba inakaa rafuni inashika vumbi, wakaacha kuleta, hata barua hawakuandika. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ile risasi ilijitembeza, na miguu yake nilikuwa mimi.

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Ile Jumapili kwako, baada ya ibada. Mkeo alikuwa jikoni. Alikuwa amepika makande, Mkongo wa watu wa Bukavu kapika makande ya Upare mpaka nikakuonea wivu. Ulinisogezea bakuli ukasema, "Mchaga, zimebaki nne. Nimezitunza kuliko mbegu za mahindi." Nikaangua kicheko, jamani, mpaka chakula kikanipalia. Nikasema, "Mpare kwa kubana! Hata majambazi unawapimia!" Nawe ukacheka. Lakini ulicheka kidogo, Mgonja. Ulicheka kidogo, ukaangalia mlango wa jikoni, ukaanza kula. Nimekirudia kicheko chako kile mara elfu. Mtu anayetania hacheki hivyo. Ulikuwa unaniambia mimi, muuzaji wako, kwamba unazunguka mitaa ya Johannesburg na risasi nne. Ulikuwa unaniomba nifanye kitu. Na kwa kuwa wewe ni Mpare na mimi ni Mchaga, nilisikia ubahili tu. Wazee walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nimeisikia methali hiyo tangu utoto, nikadhani ni ya watoto wanaosukumana shuleni.

Ningeweza kufanya nini? Mengi. Ningepiga simu maduka ya Pretoria, ya Durban, huenda moja lingekuwa na boksi lililosahaulika. Ningekuambia iache nyumbani hiyo bastola, usitoke nayo. Ningekwenda na wewe polisi kuomba kubadilisha. Sikufanya hata moja. Kesho yake nilimsimulia mwenzangu wa kaunta, Mpare anaweka akiba ya risasi, tukacheka tena wawili.

Siku ile ya Alhamisi asubuhi ulikuwa unashusha maboksi mbele ya spaza, mtaa wa pili tu kutoka kwako. Walikuwa watatu. Mwenye spaza alijificha nyuma ya friji na alisikia kila kitu. Alituambia risasi zako zilikuwa na mlio mwembamba, akazitofautisha na zao. Alisikia moja, akasikia mbili pamoja, akasikia moja tena. Halafu kimya. Alisema kile kimya kilikuwa kirefu, akadhani mmeuana wote. Kisha akazisikia za kwao.

Sisemi kumi zingekuokoa. Sijui. Mkeo, Mama Furaha, anasema usingekuwa na kitu kiunoni ungewapa funguo ukarudi nyumbani kwa miguu, kama mara mbili zile za kwanza. Anasema, "Ile bunduki njo ilimudanganya." Huenda ni kweli. Lakini mimi najua kile kimya kilitoka wapi, na yeye hajui.

Kwenye msiba nyumba ilijaa mpaka barabarani. Watanzania wa La Rochelle, Wakongo wa Yeoville kwenye saluni na cherehani, hata Wakenya wa benki waliokuja na suti zao. Wote walichanga tukusafirishe kwenu Same. Mimi walinipisha njia, mtani ameingia, wakijua nitadai viatu vyako, nitalala kwenye kitanda chako, nitakutukana mpaka mkeo acheke katikati ya machozi. Si ndiyo kazi ya mtani? Nikakaa kwenye mkeka, nikafunga mdomo. Siku nne. Watu wakasema maskini Aika ameumia kupita kiasi. Niliumia, ndiyo. Lakini pia nilikuwa nauogopa mdomo wangu.

Ukaondoka. Mwezi wa pili baada ya hapo Mama Furaha alikuja kwangu ameshika simu yako. Hajaizima mpaka leo, anaichaji kila siku. Ujumbe ulikuwa umeingia kutoka polisi: leseni yako mpya iko tayari, njoo uichukue na kitambulisho. Kumbe ulikwenda peke yako, mtani! Ulijaza fomu, ukaweka vidole, ukaomba kubadilisha ile nyembamba upate tisa ya kawaida, uliyoitaka tangu mwanzo. Hukuniambia. Ungeniambiaje, nami nilikuwa nimeshakucheka? Mama Furaha aliniuliza, "Alikuwa na moja. Ya pili ilikuwa ya nini?" Nilimwangalia usoni nikamwambia sijui.

Nilimdanganya mjane wako, Mgonja. Nilikula makande yake nikamdanganya.

Na bastola yenyewe iko hapa. Polisi walipomaliza nayo waliileta ihifadhiwe kwenye duka lenye kibali mpaka mirathi ikamilike, na kati ya maduka yote ikaja hili. Iko kwenye sefu, rafu ya tatu, na kikaratasi kimefungwa na uzi, kina jina lako kamili. Kila asubuhi nikifungua sefu nasoma jina lako.

Haya. Na bado nimeandika yale maoni yao. Kurasa tatu. Nimeandika vizuri mno. Nimeandika kuhusu wanawake wenye viganja vidogo, wafanyabiashara wa mitaani, watu wanaotaka silaha isiyoonekana chini ya shati. Kila sentensi ni ya kweli, na mwishoni nimeandika: soko lipo. Kisha nikaja kukaa hapa, nikaanza barua hii badala ya kula. Wananiita kaunta. Nitaendelea.

*

Ni Jumapili, Mgonja. Kanisani nimekwenda, sikukaa mpaka mwisho.

Wakala alikuja Ijumaa saa nne asubuhi, mtu mzima mwenye manukato mengi na meno meupe. Alipanga risasi zake mezani kwa Oom Daan, nyembamba, zinang'aa, kando ya tisa moja ili tuone tofauti. Akaniambia tafadhali dada, tuambie, soko lipo au halipo? Nilikuwa nimeshika zile kurasa. Nikasoma ya kwanza. Nikasoma nusu ya pili, ile ya mtu anayefanya biashara mitaani akiwa na gari dogo, na pale nikaacha kusoma. Mbe, jamani, mtu yule niliyemwandika alikuwa wewe! Nilikuandika tena, mzima, na viatu vyako, bila kujua, ili niwaonyeshe nani atanunua.

Nikaweka karatasi chini. Nikaenda kwenye sefu, nikarudi na bastola yako imefunguliwa, tupu, kama sheria ya duka inavyotaka, na kikaratasi chako kinaning'inia. Nikaiweka katikati ya risasi zake. Nikamwambia, hebu nitafutie boksi moja la hii, leo, popote pale Johannesburg.

Akaitambua mara moja. Akatabasamu, akaanza kueleza kwamba ile ilikuwa kampuni nyingine, haikuitangaza vizuri, wao wana mpango tofauti. Nikamwambia sikuuliza kosa la nani, nimeuliza risasi. Oom Daan akasema, "Piga simu tu, bwana." Akapiga. Duka la kwanza hawana. La pili hawana. La tatu walimcheka, tulisikia kicheko kikitoka kwenye simu. Aliweka simu mezani, na kwa mara ya kwanza akasoma jina lililoandikwa kwenye kile kikaratasi. Akaniuliza kama ni ndugu yangu. Nikasema ni mtani wangu. Sikujua nimfafanulie vipi kwa Kiingereza, nikaacha.

Ndipo nikampa maoni ya duka. Nilimwambia: soko la mwanzo lipo, usiwe na wasiwasi. Soko hilo ni mdomo wangu. Nipe hizi bastola, mpaka Krismasi sitabaki na hata moja, nitamuuzia anayetaka na asiyetaka. Soko ambalo halipo ni la mwaka wa tatu, mtu anaporudi kwenye kaunta anataka boksi moja tu. Wenye silaha wote wamefungwa na leseni za tisa, hakuna atakayerudi kwenye foleni ya polisi kwa ajili ya risasi mbili zaidi. Watanunua wachache, na wachache hawatoshi kumfanya mtu alete kontena. Nikamwambia, kama unaamini bidhaa yako, niandikie hapa na uweke saini kwamba risasi zitakuwepo dukani muda wote wa leseni ya kila mtu nitakayemuuzia. Akasema hakuna kampuni duniani inayoandika kitu kama hicho. Nikamwambia basi swali umelijibu mwenyewe.

Ungedhani hapo pangekuwa mwisho. Walipotoka nje walisimama kwenye gari, wakaongea dakika kumi, wakapeana mikono. Oom Daan alirudi akasema atachukua chache za kujaribu, maana asipochukua yeye atachukua wa ng'ambo ya barabara. Hakunikasirikia. Alisema, "Eish, Aika, kaunta hii imekuwa nzito kwako," na kuanzia Jumatatu mimi ni wa upande wa viatu vya walinzi, mikanda na tochi. Bastola anashika yule mwenzangu niliyecheka naye. Kwa hiyo jibu la swali lao ndilo hilo, Mgonja. Itapata soko kwa muda. Inampata mtu mmoja mmoja, kama ilivyokupata wewe.

Jana Mama Furaha akaja. Alikuwa amevaa kitenge cha msiba bado, na tepu ya kupimia nguo shingoni, alitoka moja kwa moja kwenye cherehani. Nilimpa karatasi: anaweza kuiuza bastola, au kuomba iteketezwe. Akasema iteketezwe, hataki hata mtu mwingine aiguse. Alishika kalamu. Nikamwambia, subiri, Mama Furaha, usisaini kwanza.

Nilimwambia yote. Nilianza na kioo cha kaunta na kukuita bahili, nikaenda kwenye mzigo ambao haukuja, nikafika kwenye makande. Nilimwambia, "Alisema zimebaki nne, nawe ulikuwa jikoni, nami nikacheka." Nilimwambia leseni ya pili ilikuwa ya nini. Nilidhani atanipiga. Ningefurahi kama angenipiga.

Akaanza kukunja tepu na kuikunjua. Kisha akauliza, "Alikuambia weye?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena, kama hakusikia, "Alikuambia weye?" Nikasema ndiyo, mama. Akasema, "Tulilala kitanda kimoja miaka tisa, na hakuniambia. Angeniambia miye, singecheka. Miye sikukuwa mtani wake."

Akasaini. Alipofika mlangoni nikamuuliza kama leo nije kama kawaida, niwachukue yeye na Furaha twende kanisani. Akasema, "Usikuye kwanza." Hakugeuka. Sikwenda. Leo nilimwona ibadani kwa mbali, mabenchi matano mbele yangu, na Furaha akageuka akanipungia mkono, mama yake akamgeuza kichwa polepole. Ndiyo maana sikukaa mpaka mwisho.

Wiki ijayo bastola inakwenda kwa polisi kuteketezwa. Mimi ndiye nitakayeitoa kwenye sefu, nimemwomba Oom Daan na amekubali. Ni kazi ya mwisho nitakayofanya upande ule.

Basi, mtani, nikuage. Ahadi yangu ni hii, na uishike, maana Mchaga haahidi bure. Desemba nakwenda nyumbani kama Wachaga wote, lakini mwaka huu nitashukia Same. Nitapanda mpaka kwenu, nitakuja kaburini mama yako na kaka zako wakiwepo. Wataniona wanipishe njia, watafute pa kukaa, wakidhani mtani amekuja kutimiza utani wake. Nitawaambia nilichomwambia mkeo, bila kupunguza neno. Wakinifukuza, nitateremka mlima niende kwetu. Wakinyamaza, nitakaa hapo kando yako mpaka jioni.

Lala salama, Mgonja. Ulisema nne, na mimi nilikusikia.

Aika